Barua ya wazi: Historia ya Simba Queens iko kwenye simu za watu

Kwa viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Chama cha Soka la Wanawake (TWFA), na uongozi wa klabu zote zenye timu za wanawake, tukianzia Msimbazi, makao ya Simba.

Ndugu viongozi,

Nne kwa nne. Haya si matokeo ya mechi, ni hesabu ya makombe ya Simba Queens na JKT Queens. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na katika misimu yake tisa ya mwanzo kombe limezunguka kwa timu tatu tu. Mlandizi Queens ya Pwani ilibeba la kwanza. JKT Queens wakachukua la 2017/18 na la 2018/19. Simba Queens wakaingia na kulishika mara tatu mfululizo: 2019/20, 2020/21 na 2021/22. JKT wakalirudisha kwao Mbweni 2022/23, Simba wakalichukua tena 2023/24, JKT wakalipiza 2024/25.

Orodha hiyo mpenzi yeyote wa mpira wa wanawake anaitaja bila kutazama popote. Mwulize sasa la pili. Kipa gani alisimama langoni siku Simba Queens ilipotawazwa mara ya kwanza? Mwanahamisi Omari, "Gaucho", aliichezea klabu mechi ngapi? Waulize watu watatu na utapata majibu matatu, na kila mmoja ataapa. Tunachoomba katika barua hii ni kitu kimoja: daftari kamili la ligi ya wanawake, mechi kwa mechi na mchezaji kwa mchezaji, tangu 2016/17. Simba Queens tumeichukua kama mfano kwa sababu ndiyo timu iliyofika mbali zaidi, na kwa sababu klabu mama, iliyozaliwa 1936, inajua vizuri maana ya kuwa na historia.

Kwanza tukumbushane kwa nini miaka hii si ya kuachia kumbukumbu za vichwani. Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF ilianza 2021. Maana yake Mlandizi, JKT mara mbili, na hata Simba ya 2019/20 walitwaa ubingwa usiokuwa na mlango wa kutokea nje ya nchi. Ubingwa wa 2020/21 ndio wa kwanza kumpeleka bingwa wetu kwenye mchujo wa CECAFA, ukanda wa Afrika Mashariki na Kati. Mchujo huo ulipigwa Nairobi, na tiketi ikabaki Kenya kwa Vihiga Queens. Mwaka uliofuata mchujo ukaja Dar es Salaam. Tarehe 27 Agosti 2022, Chamazi, Simba Queens ya kocha Sebastian Nkoma iliifunga She Corporates ya Uganda 1-0 kwa penalti ya Mkenya Corazone Aquino, na kwa mara ya kwanza klabu ya wanawake ya Tanzania ikakata tiketi ya fainali za Afrika.

Kwenye fainali hizo, huko Morocco, benchi alikaa Charles Lukula. Timu ilipoteza 1-0 kwa wenyeji AS FAR kwenye mechi ya ufunguzi ya tarehe 30 Oktoba, ikazifunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia 2-0 kila moja, ikatolewa nusu fainali na Mamelodi Sundowns kwa bao 1-0, ikamaliza ya nne. Hakuna klabu ya ukanda wa CECAFA iliyokuwa imefika nusu fainali kabla yao.

Mechi hizo tano za Morocco zina kumbukumbu rasmi: nani alianza, nani aliingia dakika ya ngapi, nani alipewa kadi. Mechi za ligi zilizoifikisha timu huko, zilizochezwa kwenye viwanja vyetu wenyewe, ndizo zilizotawanyika. Na kinachozitawanya mara nyingi si nia mbaya ya mtu, ni karatasi.

Kila mechi ya ligi inazaa karatasi tatu. Kuna fomu ya wachezaji, yenye 11 wanaoanza, wa akiba, benchi la ufundi, namba za jezi na za leseni. Kuna ripoti ya mwamuzi, yenye mabao, kadi na mabadiliko. Na kuna ripoti ya kamishna wa mchezo. Fomu ya wachezaji hujazwa kwa mkono kabla ya mechi, mara nyingi meneja akiwa amesimama, fomu kaiegemeza kwenye mlango wa gari. Ikiandikwa kwa kaboni, nakala ya chini kabisa husomeka namba za jezi peke yake. Halafu mtu anaipiga picha na kuitupia kwenye kundi la WhatsApp, na kuanzia hapo kila anayetaka kikosi anatumia picha ile.

Shida ya kwanza iko hapohapo. Picha ilipigwa kabla ya mpira kuanza. Haionyeshi nani aliingia na nani alitoka. Sheria inaruhusu wachezaji watano wa akiba waingie katika vipindi vitatu vya mabadiliko, kwa hiyo kila mechi kuna hadi wachezaji kumi, watano kila upande, ambao picha hiyo inawahesabu kuwa walikaa benchi dakika zote 90. Binti wa miaka 17 anayeingizwa dakika ya 70 kwa msimu mzima anaonekana hakuwahi kugusa mpira. Ripoti ya mwamuzi ndiyo inayomwokoa, na ripoti ya mwamuzi ndiyo karatasi ambayo haipigwi picha.

Shida ya pili ni majina. Mfungaji wa ile penalti ya Chamazi utamkuta kama Corazone Aquino, kama Vivian Aquino, na kwa jina la Odongo. Mshambuliaji wa Burundi aliyeitumikia Simba Queens, Asha Djafari, anaandikwa pia Jafari. Fatuma Issa ukimtafuta kwa jina hilo kwenye habari za mechi utapata nusu, nusu nyingine iko chini ya "Fetty Densa". Gaucho mwenyewe ni Omari mahali pamoja, Omary mahali pengine. Anayejumlisha mabao kwa kufuata jina atagawa mchezaji mmoja kuwa wawili, au atawaunganisha kina Amina wawili kuwa mmoja. Dawa yake ipo tayari. Kila mchezaji aliyesajiliwa kwenye mfumo anapewa namba ya FIFA isiyobadilika hata akihama klabu, akiolewa au akibadili jina. Namba hiyo ikae kwenye fomu ya mechi kando ya namba ya jezi. Jezi hubadilika katikati ya msimu, hiyo haibadiliki.

Ya tatu ni ushindi wa mezani. Timu inakosa nauli, haifiki uwanjani, mpinzani anapewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani. Mabao hayo yanaingia kwenye msimamo lakini hayana mfungaji. Mwisho wa msimu jumla ya mabao kwenye msimamo inaizidi jumla ya mabao ya wafungaji, na mtu asiyejua sababu anaanza kutafuta mabao "yaliyopotea" na kumpa mchezaji anayempenda. Tumeona orodha za wafungaji bora zikitofautiana kwa mabao matatu, matatu kamili, na hiyo tarakimu pekee inatosha kukuambia limetokea nini. Viporo navyo vina vurugu yake: mechi inabaki na tarehe ya ratiba ya awali huku ilichezwa wiki sita baadaye, na kikosi cha siku hiyo kina mchezaji ambaye kwa tarehe ya ratiba alikuwa bado hajasajiliwa. Akitazama mgeni ataona timu imechezesha mamluki.

Huenda kuna kiongozi anayesoma hapa na kusema haya ni mambo ya wapenda takwimu. Basi tuzungumze fedha.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema wazi kwamba fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake. Wengi wameishia hapo wakaamini kwamba klabu iliyomlea binti haina chake. Si kweli. Malipo ya mshikamano yanawahusu wanawake kama wanaume. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza 23. Misimu minne ya kwanza, ya miaka 12 hadi 15, kila mmoja una asilimia 0.25 ya ada. Misimu minane inayofuata, asilimia 0.5 kila mmoja.

Chukua ada ya dola 100,000. Kituo cha mkoani kilichomlea binti tangu msimu wa miaka 14 hadi wa miaka 17 kinadai dola 250 mara mbili na 500 mara mbili, jumla 1,500. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu. Kwa klabu kubwa ni hela ya basi la safari moja. Kwa kituo chenye mipira sita na viatu vya kuazimana ni msimu mzima. Na si malipo ya mara moja: kila akiuzwa tena kwa ada, mgawo unarudi.

Mabinti wetu wako sokoni tayari. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha mwaka 2024 Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alipita Hispania akaenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement alitoka Simba Queens kwenda Uturuki, baadaye Mexico. Hata pale mchezaji anapoondoka nyumbani bila ada, iwe mkataba umekwisha au alisajiliwa kama wa ridhaa, mlango haujafungwa. Ada ya uhamisho wa pili au wa tatu, kati ya klabu mbili za ugenini, bado inaileta asilimia yake huku.

Inaileta, ila kwa sharti moja: pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa na tarehe zake, iwe imejaa. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kupokea na kugawa fedha hizo. Uhamisho ukifanyika, mfumo unavuta usajili wote wa mchezaji kutoka kwenye mashirikisho na kutengeneza pasipoti ya muda. Mashirikisho yanapewa siku 10 kuikagua na kuomba kuongeza kilichokosekana. Siku kumi hazitoshi kumtafuta mwenyekiti wa zamani wa klabu ya Mwanza ili akumbuke fomu aliziweka kabati gani. Msimu usiokuwa na usajili hauna mlipwaji.

Hapa kuna shimo ambalo ni la kwetu hasa. Mabinti wengi wanaanzia shuleni, wanaonekana kwenye michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) au za sekondari (UMISSETA), halafu klabu inawachukua wakiwa na miaka 16 au 17. Shule si klabu. Miaka ile minne mitano ya shule haihesabiki popote, hata kama mwalimu wa michezo ndiye aliyemfundisha kupiga mpira kwa miguu yote miwili. Shule zenye klabu zilizosajiliwa zimelielewa hilo. Kwa nyingine, njia ni fupi: kituo au klabu ya mtaani iliyosajiliwa kwenye chama cha wilaya, mabinti wakasajiliwa humo kuanzia miaka 12, mwalimu akabaki kocha wao. Usajili ufanywe kila msimu, si mara moja na kusahau, na uwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Rekodi isiyokuwa na tarehe ya mwisho inagongana na ya klabu inayofuata, na zikigongana hakuna anayelipwa mpaka mzozo uishe.

Sasa kazi yenyewe. Ligi ya timu 10 ina mechi 90 kwa msimu, karatasi tatu kila moja, jumla karatasi 270. Zikiwa timu 12, nyumbani na ugenini, mechi ni 132. Ukichanganua (ku-scan) kila karatasi kwa ubora wa kawaida, takriban nusu megabaiti kila moja, misimu yote tisa haifiki gigabaiti 2. Flashi ya GB 8 inayouzwa Kariakoo inabeba historia yote ya ligi na nafasi inabaki. Ziwepo tatu, moja ikae nje ya jengo la ofisi. Gharama si hoja.

Jina la faili libebe msimu, tarehe halisi ya kuchezwa, mwenyeji, mgeni na aina ya karatasi, kwa mpangilio huohuo daima. "Picha mpya 2 final" si jina la faili.

Jedwali liwe moja tu, na mstari mmoja uwe wa mchezaji mmoja katika mechi moja. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafungua ukurasa kwa kila timu, wanaunganisha visanduku, wanapaka njano waliofunga na nyekundu waliotolewa. Rangi haijumlishiki. Weka safu za tarehe, namba ya FIFA, jina kama lilivyo kwenye leseni, jina la utani, timu, jezi, ameanza au ameingia, dakika ya kuingia, dakika ya kutoka, mabao, penalti ndani ya mabao hayo, kujifunga, kadi, na safu ya mwisho ya maelezo kwa ajili ya mezani, kiporo na mechi iliyovunjika. Kwa wachezaji wasiozidi 16 waliogusa uwanja kila upande, mechi moja haizidi mistari 32 na msimu wa timu 10 hauzidi mistari 2,880. Kompyuta yoyote ya ofisi inaimudu.

Kisha ujanja mmoja wa uhakiki ambao hauhitaji mtaalamu. Jumlisha dakika za timu moja katika mechi moja: 11 mara 90 ni 990. Zikipungua na hakuna kadi nyekundu wala majeruhi aliyetoka bila mbadala, kuna mtu aliingia na hakuandikwa. Zikizidi, kuna aliyetoka na hakuandikwa. Hesabu hiyo peke yake inakamata sehemu kubwa ya makosa kabla hujamsumbua mwamuzi yeyote.

Kila mstari upewe daraja. A ni pale fomu na ripoti ya mwamuzi zote zipo na zinakubaliana. B ni karatasi moja tu. C ni gazeti, mkanda wa video au maelezo ya watu wawili waliokuwepo. Pasipo na kitu paachwe wazi. Pengo lililoachwa wazi linaweza kuzibwa siku moja, lakini lililojazwa kwa kubahatisha halizibiki tena, maana hakuna atakayejua kwamba ni pengo.

Kwa dakika 20 kwa mechi, msimu wa mechi 90 ni saa 30 za kazi. Watu wawili wakikaa saa tano kwa siku, misimu tisa inakwisha ndani ya miezi miwili. Kinachokula muda ni kuzipata karatasi.

Tahadhari mbili. Tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho na picha za leseni zisichapishwe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wengi wa wasajiliwa hawa ni watoto. Linalochapishwa ni jina, timu, mechi, dakika, mabao. La pili ni uzazi. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara wa mkataba, na klabu inaruhusiwa kumsajili wa kumshikia nafasi hata nje ya dirisha. Kipindi hicho kiandikwe "likizo". Tumekuta kumbukumbu zinazosema "ameacha mpira" kwa mchezaji aliyerudi uwanjani msimu uliofuata.

Kwa Simba Queens peke yake tuna ombi la nyongeza, na ni dogo. Novemba 2022 chama cha soka cha England kilimpa kila mwanamke aliyewahi kuichezea timu ya taifa namba yake ya urithi, kwa mpangilio wa kuingia kikosini. Namba 1 ni ya Sheila Parker, nahodha wa mechi ya kwanza rasmi ya tarehe 18 Novemba 1972 dhidi ya Scotland. Waliweza kwa sababu orodha ipo. Nchi hiyohiyo iliwafungia wanawake viwanja vya vyama kuanzia Desemba 1921 kwa karibu nusu karne, na bado leo tunajua kwamba tarehe 26 Desemba 1920 timu ya kiwanda ya Dick, Kerr Ladies iliifunga St Helens 4-0 mbele ya watu 53,000 Goodison Park. Mtu aliandika.

Msimbazi wafanye vivyo hivyo: namba 1 kwa aliyekuwa wa kwanza kwenye fomu ya mechi ya kwanza ya ligi, hadi aliyeingia jana. Makocha nao wawe na orodha yao, kina Mussa Hassan Mgosi aliyehama kutoka ushambuliaji wa Simba hadi benchi la ubingwa wa wanawake, na Juma Mgunda wa ubingwa wa 2023/24. Mchezaji wa kigeni aliyekaa nusu msimu apewe namba kama nahodha wa miaka mitano. Namba si tuzo, ni mahudhurio.

JKT Queens, mabingwa wa CECAFA 2023 na 2025, wana mfumo wa jeshi nyuma yao na wana desturi ya kuhifadhi mafaili. Simba ina ofisi, ina watu wa habari, na wapenzi walio na picha za kila mechi. Hawa wawili wakiamua kesho watafanikiwa. Mlandizi Queens hawana hayo, wala klabu nyingi zilizoshuka daraja tangu 2016. Kwa hiyo kazi isianzie kwa wenye makombe manne. Waamuzi na makamishna wa misimu ya 2016/17 na 2017/18 watafutwe kwanza, kwa sababu wengine wamestaafu na karatasi zao ni za kaboni. Fomu ya kwanza kuchanganuliwa iwe ya Mlandizi.

Wenu,
Watunza takwimu wa soka la wanawake
Dar es Salaam